Vipepeo wa Bahari ya Mediterania: Kuwaona na Kuwatambua

1. Nchi na majira yake

Bahari ya Mediterania imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Kaskazini yake ziko nchi za Ulaya, kama Uhispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki. Mashariki ziko Uturuki, Shamu na Lebanoni. Kusini ni pwani ya Afrika, tangu Misri mpaka Moroko. Ndani ya bahari hiyo mna visiwa vingi, vikubwa kwa vidogo: Sicily, Sardinia, Corsica, Krete, Kipro, Rhodes, na vingine vingi. Mwanafunzi na avitafute katika ramani kabla ya kuendelea kusoma.

Majira ya huko si kama majira ya Afrika Mashariki. Mvua hunyesha wakati wa baridi, kadiri ya Oktoba mpaka Machi. Mwezi wa Aprili na Mei nchi hujaa majani na maua ya kila rangi. Kisha, tangu Juni mpaka Septemba, jua huwa kali, mvua hukatika, na majani ya vilimani hukauka kabisa. Basi vipepeo huwa wengi sana wakati wa maua. Na nchi ikikauka, wengi wao hukimbilia milimani au mabondeni, palipo na maji na kivuli.

Watu wa nchi za baridi, kama Uingereza na Ujerumani, hupenda kwenda pwani hizo wakati wa mapumziko, kwa kuwa kwao jua ni haba. Wengi huenda kuogelea na kutazama majengo ya kale. Lakini wako wengine ambao kila asubuhi huchukua daftari na kalamu, wakapanda vilimani kutafuta vipepeo. Wala si ajabu, maana Uingereza nzima ina aina 60 hivi tu za vipepeo, hali Ugiriki peke yake ina zaidi ya 200.

Kazi yao yaonekana kama mchezo, lakini ndani yake mna mafunzo mawili makubwa. La kwanza ni kutotaja jina la kitu kabla ya kukitazama sawasawa. La pili ni kutazama bila kudhuru. Mwisho wa somo hili itasimuliwa habari ya bonde moja katika kisiwa cha Rhodes, ambako mafunzo hayo mawili yalisahauliwa, na hasara iliyotokea.

2. Kipepeo na nondo

Kipepeo ni mdudu mwenye mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Ana mabawa manne, mawili ya mbele na mawili ya nyuma. Kinywa chake ni mrija mrefu, ambao huukunja kama kamba iliyozungushwa, na kuunyosha anapotaka kunywa asali ya maua. Mabawa yake yamefunikwa na magamba madogo mno, yaliyopangwa kama vigae juu ya paa. Hayo ndiyo yale yanayobaki vidoleni kama vumbi, mtu amshikapo kipepeo. Rangi za mabawa zimo katika magamba hayo. Yakipukutika hayaoti tena, na bawa hubaki jembamba na tupu mpaka kipepeo afe. Kwa hiyo mtu anayetaka kuona rangi za kipepeo, asimshike.

Nondo ni ndugu yake kipepeo. Wote wawili hutoka katika yai wakiwa viwavi, hula majani na kunenepa, kisha hujifungia katika buu, na mwisho hutoka wakiwa na mabawa. Watu wengi hudhani kwamba kila mwenye rangi nzuri ni kipepeo, na kila mwenye rangi ya majivu ni nondo. Sivyo hata kidogo.

Alama iliyo bora kuliko nyingine ni vipapasio, yaani zile nyuzi mbili zitokazo kichwani. Vipapasio vya kipepeo vina kifundo mwishoni, mfano wa kijiti cha kiberiti. Vipapasio vya nondo, isipokuwa nondo wachache, havina kifundo: ama ni vyembamba kama uzi mpaka nchani, ama vina vinyweleo kama unyoya wa ndege. Tena kipepeo akipumzika, mara nyingi huyasimamisha mabawa juu ya mgongo, yakagusana kama viganja viwili. Bali nondo wengi huyalaza juu ya mwili kama paa la nyumba. Na kipepeo huruka mchana, hali nondo wengi huruka usiku. Lakini wako nondo warukao mchana, basi alama hiyo ya mwisho haitoshi peke yake.

3. Utaratibu wa kutazama

Kipepeo hana joto la mwili kama ng'ombe au mtu. Joto lake hulipata juani. Asubuhi hukaa juu ya jiwe au jani, akayakunjua mabawa na kuota jua. Akisha kupata moto, huruka upesi, wala si rahisi kumfuata. Kwa sababu hiyo wazoefu hutoka mapema, kadiri ya saa tatu za asubuhi, wakati vipepeo wangali wazito.

Mwenye kutazama humwendea kipepeo polepole, kwa hatua fupi, naye huangalia kivuli chake kisimwangukie, kwa maana kivuli kikipita juu yake kipepeo hudhani ni ndege, akaruka. Mwenda pole hajikwai. Akifika karibu husimama kimya, na kujiuliza maswali haya matano, kwa utaratibu huu:

Kwanza, ukubwa wake ni kiasi gani, na huruka namna gani? Wengine huelea kama jani lianguka-lo, wengine hupiga mabawa upesi upesi, wengine huruka chini chini karibu na majani.

Pili, mabawa yana umbo gani? Yana mikia, au ni ya mviringo, au yana kingo zilizokatika-katika?

Tatu, rangi iliyo kubwa ni ipi, na alama gani zimo juu ya rangi hiyo: milia, madoa, au duara mfano wa jicho? Ziko katika bawa la mbele au la nyuma?

Nne, upande wa chini wa mabawa ukoje? Swali hili husahauliwa na wanaoanza, nalo mara nyingi ndilo linalotoa jibu.

Tano, mahali ni wapi, mwezi gani, na juu ya mmea gani? Kila kiwavi ana majani yake anayoyakubali, na mama yake hutaga mayai juu ya majani hayo. Kwa hiyo anayejua mimea huwajua vipepeo.

Majibu yote huandikwa katika daftari palepale, tena kabla ya kufungua kitabu cha picha. Jambo hili ni la lazima. Mtu akitazama picha kwanza, jicho lake hushawishika, akaona alama ambazo hazikuwapo. Bali akisha kuandika, daftari yake humshuhudia, nayo haisemi ila aliyoyaona.

4. Mifano ya kutambua

Mfano wa kwanza ni vipepeo wawili wenye mikia. Mmoja jina lake la elimu ni Papilio machaon. Huyu ni wa manjano yenye mishipa na kingo nyeusi. Bawa la nyuma lina ukanda wa samawati, na karibu na mkia lina doa jekundu. Kiwavi wake hula majani ya shamari na ya jamii ya karoti. Wa pili huitwa Iphiclides podalirius. Huyu rangi yake ni nyeupe ya maziwa, na mabawa yake yana milia myeusi kama ya punda milia. Mikia yake ni mirefu kupita ya mwenziwe. Kiwavi wake hula majani ya mlozi, mfyulisi na miti ya jamii hiyo. Basi anayesema tu, "Nimeona kipepeo mkubwa mwenye mikia," hajasema kitu. Anayesema, "Alikuwa na milia mirefu, akiruka katika shamba la milozi," amekwisha kumtambua.

Majina ya machaon na podalirius yalitolewa mwaka 1758 na Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, ndiye aliyefundisha desturi ya kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini. Machaon na Podalirius walikuwa ndugu wawili katika hadithi za kale za Wagiriki, waganga wa jeshi katika vita vya Troya. Linnaeus aliwapa vipepeo hawa majina ya ndugu hao.

Mfano wa pili una maana kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu vipepeo wake wote wawili wako huku pia. Wote wana rangi ya chungwa, na ncha za mabawa yao ya mbele ni nyeusi zenye madoa meupe. Mtu mwenye haraka huwaita kwa jina moja. Lakini tazama vizuri. Wa kwanza, Danaus chrysippus, ni mkubwa zaidi; kichwa na kifua chake ni cheusi chenye vidoto vyeupe, na katika bawa la nyuma ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati. Huruka polepole kama asiyeogopa kitu. Wa pili, Vanessa cardui, rangi yake ya chungwa imechanganyika na madoa meusi mengi. Huruka kwa kasi na kugeuka ghafula. Na upande wa chini wa bawa lake la nyuma una safu ya duara ndogo mfano wa macho.

Ule mwendo wa polepole wa Danaus chrysippus una sababu. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini mwake hata akiwa kipepeo. Ndege akimwonja mara moja hutapika, na tangu siku hiyo humwacha. Afrika Mashariki yuko kipepeo mwingine asiye na sumu, Hypolimnas misippus, ambaye jike wake amevaa rangi zile zile, na ndege humwogopa bure. Dume wake hafanani naye kabisa: ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe. Anayetaka kumtambua jike huyo na ahesabu madoa ya bawa la nyuma: badala ya matatu au manne, yeye ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele wa bawa. Hivyo hesabu hugundua udanganyifu ambao macho ya ndege hayaugundui.

Wamisri wa kale walimtazama Danaus chrysippus kwa uangalifu. Yapata miaka 1350 kabla ya Kristo, fundi mmoja alichora ukutani, katika kaburi la karani aitwaye Nebamun, picha ya uwindaji wa ndege katika matete, na katikati ya ndege akawatia vipepeo. Picha hiyo sasa imo katika makumbusho ya British Museum, London. Fundi yule hakuwa na kitabu cha vipepeo. Alichora alichokiona, na kwa kuwa alikiona sawasawa, mtu wa leo aitazamaye picha ile hutambua mara moja ni kipepeo gani.

Mfano wa tatu ni Charaxes jasius, kipepeo mkubwa mwenye nguvu, wa hudhurungi, kingo zake za rangi ya chungwa, na mikia miwili katika kila bawa la nyuma. Hapendi sana maua. Hupenda maji ya matunda yaliyoiva mno, hata yaliyochacha. Kwa hiyo wageni huweka tini mbovu juu ya jiwe, wakamngoja. Katika jamii ya Charaxes, Ulaya ina aina hii moja tu, bali Afrika ina zaidi ya mia. Ndugu zake huonekana katika misitu ya Kenya, Tanganyika ya zamani, ambayo sasa ni Tanzania bara, na Uganda, nao pia huja kwenye ndizi iliyochacha.

Mfano wa nne ni wale vipepeo wadogo wa rangi ya samawati. Hawa huwachosha hata wazoefu, kwa maana wengi wao wakifunua mabawa huonekana sawa. Jibu liko upande wa chini. Mmoja wao, Lampides boeticus, chini ni wa rangi ya kahawia yenye mawimbi meupe, tena ana mkia mwembamba kama uzi, na kando ya mkia madoa mawili meusi. Madoa hayo ni kama macho, na mikia ni kama vipapasio. Hivyo ndege hudhani kichwa kiko nyuma, akadonoa bawa, na kipepeo akaokoka akiwa amepungukiwa na kipande tu. Kipepeo huyu yuko Afrika Mashariki pia. Hutaga mayai juu ya maua ya kunde na mimea ya jamii yake, na kiwavi wake huingia ndani ya maganda na kula mbegu. Mkulima humjua kiwavi, asijue kwamba ndiye yule kipepeo mzuri aliyemwona juzi.

5. Msafiri wa mbali

Vanessa cardui aliyetajwa juu ni msafiri mkubwa. Kila mwaka, baridi inapokwisha, hutokea kwa wingi katika pwani za Mediterania, akaenda kaskazini mpaka Uingereza na nchi za mbali zaidi. Mwaka 2009 walikuja wengi kupita kiasi, hata watu wasiojali wadudu wakashangaa. Kwa muda mrefu haikujulikana walitoka wapi hasa, wala walikwenda wapi baridi iliporudi. Wengi walidhani hufa tu.

Jibu lilipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni mitambo ya rada, ambayo iliwaonyesha vipepeo hao, wakati wa kurudi, wakiruka kusini juu sana angani, mahali ambapo jicho la mtu haliwafikii. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Ya pili ni uchunguzi wa mabawa yenyewe. Maji ya mvua hayako sawa kila mahali. Kila nchi maji yake yana alama yake. Mmea hunywa maji, kiwavi hula mmea, na alama hiyo hubaki katika bawa la kipepeo mpaka mwisho. Wachunguzi walipima mabawa ya vipepeo waliopatikana kando ya Mediterania mwanzo wa majira ya maua, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba wengi wao walikuwa viwavi kusini ya jangwa la Sahara. Basi hukaa Afrika wakati wa baridi ya Ulaya, kisha huvuka jangwa na bahari kwenda kaskazini, na watoto wa watoto wao hurudi. Hakuna mmoja anayekwenda na kurudi safari nzima. Ni kazi ya vizazi kadhaa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 wachache wa aina hii walionekana wamechoka juu ya mchanga wa pwani ya Guyana ya Ufaransa, katika Amerika ya Kusini, mahali ambapo si kwao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba walivuka bahari ya Atlantiki wakisaidiwa na upepo, mwendo wa kilometa 4,200 au zaidi. Mambo hayo yote yalianza kwa mtu kumwona mdudu mahali, kumtambua kwa jina lake la kweli, na kuandika siku yake. Kama angaliandika tu "kipepeo", habari hiyo ingalipotea.

6. Wavu na daftari

Zamani aliyependa vipepeo alichukua wavu, chupa ya sumu na pini. Mmoja wa watu hao alikuwa Bibi Margaret Fountaine, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1862. Alizunguka milima ya Corsica na Sicily, kisha nchi nyingi za dunia, akifuata vipepeo mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 1940 katika kisiwa cha Trinidad. Aliacha vipepeo yapata 22,000, ambao waliwekwa katika makumbusho ya mji wa Norwich, pamoja na sanduku la daftari zake, ambalo aliagiza lisifunguliwe mpaka mwaka 1978. Alikuwa na bidii ya kulea viwavi na kuwachora kwa rangi, na kwa njia hiyo alifundisha mengi.

Kazi ya watu kama yeye ilileta elimu, wala haifai kudharauliwa. Lakini leo mashamba makubwa, dawa za kuua wadudu na majengo ya pwani yamepunguza mahali pa vipepeo kukaa, na katika nchi nyingi aina zilizo adimu zimelindwa na sheria. Mgeni wa leo huchukua daftari, darubini na kamera. Humtazama kipepeo, akamwacha juu ya ua lake, ili na mwingine ajaye kesho amwone.

7. Bonde la kisiwa cha Rhodes

Rhodes ni kisiwa cha Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki. Kutoka mji mkuu wake, mwendo wa kilometa 25 hivi, liko bonde jembamba lenye kijito, mawe na miti mingi. Wenyeji huliita Petaloudes, yaani "Vipepeo", na kila mwaka maelfu ya wageni huenda kulitazama. Miti yake utomvu wake hunukia kama ubani, na zamani ulifukizwa na kutiwa katika dawa. Nchi yote ya kando inapokauka kwa jua, bonde hili hubaki na ubaridi na unyevu. Kwa hiyo tangu mwezi wa Juni wadudu wenye mabawa huja kutoka pande zote za kisiwa, wakatua juu ya miti na miamba kwa wingi usiohesabika, wakakaa huko mpaka Septemba.

Mtu akiuliza, "Ni vipepeo gani hawa?" jibu ni kwamba si vipepeo. Na atazame vipapasio: ni vyembamba mpaka nchani, havina kifundo. Na atazame mabawa: yamelazwa juu ya mwili, hayakusimama. Ni nondo, na jina lao ni Euplagia quadripunctaria. Bawa la mbele ni jeusi lenye milia ya rangi ya maziwa, nalo hulifunika bawa la nyuma, ambalo ni jekundu lenye madoa meusi. Nondo akitulia, milia yake huonekana kama mwanga na kivuli juu ya gome la mti. Wekundu hauonekani ila anaporuka.

Hapo ndipo hasara ilipoanza. Wageni walikuwa wamesikia habari ya wingu jekundu la vipepeo. Walipofika wakaona magome ya miti tu, walipiga makofi, wakapiga miluzi, wakatikisa matawi. Nondo kwa maelfu wakaruka kwa hofu, na wageni wakafurahi. Wakaenda zao, wakaja wengine, nao wakafanya vivyo hivyo. Ikawa hivyo siku nzima, na kila siku.

Hawakujua ni kwa nini nondo wale wametulia. Mdudu huyu katika miezi ya ukame hapati chakula bondeni. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Mafuta hayo lazima yamtoshe mpaka mwisho wa kiangazi, wakati wa kupandana, na baada ya hapo jike lazima aruke mbali, atafute mahali pa kutaga mayai, ili mvua zikiotesha majani, viwavi wapate chakula. Kila anaporushwa kwa makofi, hutumia akiba ambayo hawezi kuirudisha. Ni kama mtu mwenye debe moja la unga mpaka mavuno, na kila apitaye mlangoni humchotea kibaba. Wengi waliishiwa na nguvu kabla ya wakati wao, na hesabu ya nondo wa bonde ikapungua sana.

Basi mambo yakabadilishwa. Mbao za matangazo ziliwekwa kuwakataza wageni wasipige makofi wala miluzi, wala wasiache njia iliyotengenezwa. Nondo huyo ametajwa pia katika sheria ya mwaka 1992 ya nchi za Ulaya zilizoungana, kati ya viumbe ambao mahali pao pa kukaa hapana budi kulindwa.

Mgeni mwenye adabu anayefika leo husimama njiani bila kelele. Mwanzoni haoni kitu. Akingoja, macho yake huzoea kivuli, akaanza kuona mlia mmoja, kisha kumi, mwisho akatambua kwamba gome lote la mti aliodhani ni mtupu limefunikwa na viumbe hai. Na pengine mmoja, kwa hiari yake mwenyewe, huhama kutoka tawi hadi tawi, na wekundu wake ukaonekana mara moja. Huyo mgeni ameona zaidi kuliko aliyepiga makofi, wala hakumpunguzia nondo hata mmoja siku zake.

Maswali

1. Taja nchi tatu za Ulaya na tatu za Afrika zinazopakana na Bahari ya Mediterania.

2. Kwa alama gani mtu humtofautisha kipepeo na nondo? Ipi katika hizo haitoshi peke yake, na kwa sababu gani?

3. Kwa nini haifai kufungua kitabu cha picha kabla ya kuandika katika daftari?

4. Danaus chrysippus na Vanessa cardui wanafanana kwa nini, na wanahitilafiana kwa nini?

5. Eleza jinsi bawa la kipepeo linavyoweza kuonyesha nchi aliyokulia.

6. Nondo wa Rhodes walidhurikaje, hali hakuna aliyewashika wala kuwaua?

Kazi ya kufanya. Asubuhi, saa tatu, nenda kwenye bustani ya shule au kando ya shamba la kunde. Chagua kipepeo mmoja tu. Jibu maswali matano ya kutazama, uandike majibu yako, kisha uchore bawa lake, upande wa juu na upande wa chini. Usimshike. Akiruka kabla hujamaliza, andika yale uliyoyaona tu, na mengine uyaachie nafasi katika daftari mpaka utakapomwona tena.